Gemu za vita za kihistoria: Europa, Victoria, Crusader au Hearts, ipi ina mazungumzo ya amani ya maana?

Binamu yangu anasoma chuo Iringa, wiki iliyopita kanitumia voisi ndefu saa 5 usiku, anataka kununua gemu moja ya vita za kihistoria, hela yake ni ya gemu moja tu, na amechoka na zile ambazo vita inaisha mmoja akishafutika kwenye ramani. Anataka ile ambayo mkishapigana mnakaa chini, unadai, mwenzako anagoma, mnavutana mpaka mmoja anachoka. "Kaka, ipi ina amani ya kweli?" Mimi hizi nimezicheza kwa miaka tofauti hapa Uyole, Mbeya, usiku, blanketi miguuni (baridi ya mwezi wa 6 huku si mnaijua), nikaona badala ya kumjibu kwa voisi ya dakika kumi bora niandike, na mwingine mwenye hela ya gemu moja asome humuhumu.

Zenyewe ni Europa Universalis IV, Victoria 3, Crusader Kings III na Hearts of Iron IV. Zote nne za Paradox, kampuni ya Sweden. Crusader unaanzia 867 au 1066, na siku hizi kuna 1178 pia, Europa inaanza 1444 mpaka 1821, Victoria 1836 mpaka 1936, na Hearts inaanza 1936 kuelekea vita kuu ya pili. Civilization VI naigusa huko mbele kidogo tu maana binamu kaiulizia, ila ile ni ukoo mwingine.

Unataja bei saa ngapi

Mimi shughuli yangu ni viazi, nakusanya huku Isyonje na Uyole napandisha gari la Dar. Kwenye viazi kuna wanunuzi wa aina mbili. Kuna anayetaja bei gunia likiwa bado shambani, mnakubaliana, ndo mnapakia. Na kuna anayekwambia pakia kwanza bwana tutaongea, afu gari likishajaa ndo anaanza kukuangalia usoni. Tofauti kubwa ya hizi gemu iko hapohapo, mengine yote yanafuata. Swali si "ipi ina vita nzuri", swali ni unachokitaka unakitaja kabla ya vita au baada.

Kila Mtanzania anaijua ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978 baada ya Amin kuivamia Kagera, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Hizi gemu zote zinakudai hivyo vitu vitatu, ila kila moja inavipanga kivyake. Uwezo ni jeshi na hazina, huo tuuache. Sababu ni ile karatasi inayokuruhusu kuanza, wachezaji wanaiita kasus beli, Kilatini hicho, yaani tukio linalohalalisha vita. Nia ni kile unachokwenda kuchukua. Mtu mgeni anadhani sababu na nia ni kitu kimoja, na ndo maana anashangaa kashinda vita yote halafu kapewa kijiji kimoja.

Kwenye Crusader ni kitu kimoja kweli. Una hati ya kudai wilaya fulani, labda umeirithi kwa bibi yako mzaa mama, labda askofu wako kakutengenezea ya kughushi kwa hela, unatangaza vita kwa hati hiyo na ukishinda unapata hiyohiyo. Hupati jirani yake hata kama umeiteka yote na umelala kwenye kitanda cha mfalme wao. Bei imetajwa shambani, imeisha.

Victoria nayo unataja kabla, ila unataja hadharani, na dunia nzima inasikiliza. Nitairudia maana hiyo ndo yenye utamu wake.

Europa ndo yule wa pakia kwanza. Sababu inakufungulia mlango, na inakuja na lengo moja la vita, shika mji huu, au wapige kwenye mapambano, lakini siku ya kukaa mezani unafunguliwa orodha nzima: majimbo, hela taslimu, fidia ya vita ambayo ni asilimia 10 ya mapato yake kwa miaka 10, avunje urafiki na fulani, aachie nchi aliyoimeza zamani, akubali kudhalilishwa. Unachagua kutokana na ulivyompiga.

Hearts hata orodha huioni mpaka mwisho kabisa. Unaitengeneza sababu kwa kulipa nguvu ya kisiasa na kusubiri siku zipite, dunia inaingiwa na wasiwasi, halafu mnapigana mpaka mtu anaanguka, ndo kikao kinaitwa.

Ukiuliza Vita ya Kagera ingekaa kwenye gemu ipi nakujibu Europa bila kufikiri. Tumeingia kwa sababu ya kumtoa mtu kwenye ardhi yetu, jeshi likasonga mbele, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala imeanguka. Nia imekua njiani. Crusader wala isingekuelewa, ingekwambia umeshapata Kagera yako, rudi nyumbani.

Ushindi unapimwaje

Europa ina alama za vita, kutoka 100 hasi mpaka 100. Mapambano yote hata ushinde mangapi yanakupa mwisho 40, ukishikilia lengo lako la vita alama zinaongezeka polepole mwezi hadi mwezi mpaka 25, inayobaki ni kuteka ngome na miji. Maana yake huwezi kushinda kwa sifa tu. Kuna siku nimeua jeshi la jamaa mara tatu nikidhani nimemaliza, kufungua meza ananicheka, anasema hataki, kumbe ngome zake zote zimesimama. Na kila unachodai kina bei kwenye hizo alama, jimbo tajiri bei kubwa, jimbo la vichaka bei ndogo, na jumla haivuki 100. Hapo ndo akili inapotumika, maana una alama 60 na unatamani vitu vya 90.

Crusader ukifika 100 umeshinda, kabla ya hapo unaweza kuomba sare kila mtu arudi kwake, na ukishindwa wewe mvamizi unalipa na heshima inashuka. Ila ina kitu kimoja kitamu ambacho wenzake hawana: ukimkamata mfalme mwenyewe vitani, vita imeisha palepale, alama zinaruka mpaka mwisho. Nimewahi kuwa naelekea kuchapwa vibaya, watu wangu wamebaki wachache, halafu yule mzee kaingia mwenyewe vitani kwa kiburi chake na kakamatwa. Kinyume chake pia kipo na kinauma. Unapigana kumdaia mtu wako kiti chake, miaka mitatu hela imeisha, yule mtu anakufa kwa kikohozi, na vita inafutika, hakuna aliyeshinda. Ni vita za watu, si za nchi, ukilielewa hilo unaacha kutukana.

Victoria inapima kitu nilichokipenda sana, moyo wa vita. Kila nchi inaanza na moyo wake, unashuka kadiri muda unavyokwenda, watu wanavyokufa na ardhi inavyokaliwa, ukifika 100 hasi nchi inasalimu amri yenyewe upende usipende. Ila kuna ukuta kwenye sifuri. Kama adui hajashika kile anachokudai wala makao makuu yako, moyo wako haushuki chini ya hapo. Kwa hiyo kama unamdai mtu kisiwa na huna meli za kufika kisiwani, unaweza kupigana naye mpaka wajukuu wakaoa. Nimeona watu wengi wanalalamika gemu ina makosa, hapana, ni wewe umedai kitu usichoweza kukigusa.

Hearts ni rahisi zaidi kuielewa, kila nchi ina miji yenye pointi, ukiteka ya kutosha inaanguka. Shida ni kwamba kuanguka si amani. Nchi ndogo ikianguka vita inaendelea, mpaka wakubwa wote wa upande ule waanguke ndo mnakaa. Ufaransa unaimaliza mapema, kikao hakuna maana Uingereza bado imesimama kwenye kisiwa chake.

Hapa nisimame kidogo. Watu wa huku wana mfano wao. Lettow-Vorbeck, yule jenerali wa Wajerumani, mwaka 1918 alikatiza Njombe na jeshi lake, askari wengi wakiwa Waafrika, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na bado hakuwa amekamatwa wala kupigwa akaisha. Tarehe 11 Novemba Ulaya wamesaini kusitisha vita, yeye habari zimemfikia siku mbili baadaye, na tarehe 25 kaweka silaha chini pale Abercorn, siku hizi Mbala, ng'ambo tu ya Kasesya. Jeshi halijashindwa, nchi imeshindwa. Victoria na Hearts zinalijua hili vizuri, makao makuu yakidondoka, yule jenerali wako bora aliyeko pembeni hana msaada wowote.

Mezani sasa

Hapa nakaa kidogo maana hiki ndo binamu alichouliza.

Nianze na Europa. Nilicheza Kilwa, maana kwenye gemu Kilwa ipo na unaweza kuishika, sultani wa pwani. Nikapeleka majasusi Malindi wakanitengenezea dai, nikaanzisha. Malindi kamuita Mogadishu. Sasa Mogadishu alikuja kama rafiki tu, si mlengwa, na mtu wa namna hiyo ukimkamua kwenye amani ya pembeni bei inapanda, kwa hiyo nikamalizana naye mapema kwa hela kidogo aondoke, nikabaki na Malindi peke yake. Hiyo ya kuwatoa mmojammoja ndo ufundi wenyewe wa Europa. Nikafungua meza na Malindi, dai langu lilikuwa kwenye jimbo moja, ukichukua ulichokidai huongezewi gharama, ukichukua usichokidai unalipa pointi za kidiplomasia kwa kila jimbo, inaitwa madai yasiyo na haki. Nikalipa. Nikabeba yote.

Na hapo ndo lumbesa inapoingia. Si mnajua lumbesa, gunia limejaa, halafu juu unaongezewa kilemba cha wavu kama kofia, bei ya gunia moja. Serikali imekataza miaka yote na bado utaiona barabarani. Europa ina kipimo cha lumbesa, ni alama za uchu. Kila jimbo unalobeba majirani wanakuandika, walio karibu na wa dini na utamaduni mmoja na yule uliyempora wanaandika zaidi, mtu wa mbali wala hajali. Uchu wako machoni pa mtu ukivuka 50 na uhusiano wenu ni mbaya, anaruhusiwa kuingia kwenye muungano wa kukukomesha, na wakiungana wanapiga wote kwa pamoja. Mimi walikuja wote wa pwani. Kilwa yangu ikaisha na mavazi yake ya hariri.

Baadaye nikajifunza kwamba ukiwa na mkataba wa kutoshambuliana na mtu, haingii kwenye muungano huo. Mkataba huo unakaa kati ya miaka 5 na 15 kutegemea ulichukua kiasi gani, ukiuvunja utulivu wa nchi unashuka kwa 5, na utulivu wenyewe unaanzia 3 hasi mpaka 3, kwa hiyo ni kama kujichoma na petroli. Lakini wajanja wanapiga vita ndogo na jirani mkali makusudi, wanachukua hela kidogo tu, ili wafungane mkataba, halafu wanakula upande wa pili kwa amani. Sijui kama ni ujanja au ni ushenzi, ila inafanya kazi.

Victoria kitu chake ni kabla ya vita. Fikiria posa. Mshenga kaingia na barua, familia ya binti inaorodhesha inachotaka, wajomba wanaitwa, kila mjomba anaahidiwa kitu ili aunge mkono, na muda unahesabika. Unaweka dai lako kuu, mwenzako anaweka la kwake, mna pointi kiasi za kuongeza madai, na huku mnawavuta wakubwa kila mtu upande wake, unamwambia Urusi ukija utanidai shukrani, au nitakupa jimbo fulani. Muda ukiisha vita inaanza yenyewe. Ila kabla ya hapo mmoja anaweza kurudi nyuma, na akirudi nyuma dai kuu linatekelezwa, mengine uliyoongeza yanaachwa. Ndo maana mjanja anaweka anachokitaka kweli mbele, na vingine kama vitisho.

Mfano wake wa kweli ni 1840. Muhammad Ali wa Misri ameishika Syria, Sultani wa Ottoman hana nguvu, wajomba wakaitwa: Uingereza, Austria, Prussia na Urusi wakasaini London kwamba aondoke, akikubali atabakiziwa Misri iwe ya kurithisha watoto wake na Acre kwa maisha yake. Akagoma, akimtegemea Ufaransa. Ufaransa haikuja. Meli za Waingereza zikapiga Beirut na Acre, na 1841 kabaki na Misri ya kurithisha tu, Acre hakuipata. Nimecheza Misri kwenye Victoria mara nne na mara tatu nimefanya kosa lilelile la huyo mzee, kumsubiri Mfaransa.

Na mfano mdogo zaidi, Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza wametoa muda mpaka saa 3 asubuhi Khalid, aliyejitwalia usultani, atoke kwenye jumba, hakutoka, vita ikakaa chini ya saa moja. Huko ndo kukataa kurudi nyuma bila hata mjomba mmoja.

Udhaifu wa Victoria ni kwamba ukishaingia vitani mkono wako ni mfupi, huhamishi vikosi mwenyewe kama Europa, unampa jenerali uwanja wa vita na unamwangalia. Na amani yenyewe ni kuchagua kutoka kwenye yale mliyoyataja, unampa hiki anakuachia kile. Ni kavu kidogo. Utamu wote umeshaisha kabla bunduki haijalia. Na jina baya unalo pia, likivuka 25 wakubwa wanaanza kukuangalia vibaya, likivuka 100 wewe ni mtu wa kupigwa.

Crusader mezani hakuna kitu, vitufe vitatu, nimeshinda, tuachane, nimeshindwa. Basi.

Hearts, kikao chake kilirekebishwa Septemba 2022 kwenye kifurushi cha nyongeza cha By Blood Alone na sasa ni kama mnada. Kila mshindi ana pointi kulingana na alichochangia vitani, watu alioua, ardhi aliyoteka, mabomu, hata silaha alizowapa wenzake. Mnapeana zamu, unaweka pointi juu ya jimbo, mwenzako akilitaka naye anaweka zaidi, mnapandishiana. Unaweza kudai hadi meli za aliyeshindwa. Inachekesha na inaumiza, maana anayekunyang'anya ni rafiki yako. Nimecheza Italia nikapigana Afrika Kaskazini mwaka mzima, mchanga mpaka kwenye meno, kufika kikaoni Mjerumani ana pointi mara nyingi kuliko mimi kwa sababu ya kule mashariki, akachukua hadi nilikosimama. Kama unapenda ugomvi wa washindi, hakuna inayoifikia.

Civilization VI nilisema nitaigusa. Ukiwa umemlaani mtu hadharani kwanza unaweza kutangaza vita rasmi, ukimvamia ghafla kinyongo kinakuwa kikubwa zaidi, amani ni ile meza ya biashara ya kawaida tu, unaweka mji upande huu, dhahabu upande ule. Haina uzito wa historia, lakini kwa mtu mwenye masaa mawili tu ya Jumapili inatosha kabisa, na sitamcheka.

Kitu ambacho zote zimekosa

Binamu yuko Iringa, anajua ninaelekea wapi. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kuifunga vita ya kwanza ya dunia, una kifungu cha 246, kinasema Ujerumani ndani ya miezi sita ikabidhi kwa Waingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Mkwawa huyuhuyu aliyempiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikavunjwa 1894, na 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Yaani mataifa yamekaa pale Ufaransa yanagawana dunia, mabilioni, majimbo, meli, na katikati kuna mstari wa Wahehe. Miezi sita ikapita. Fuvu limekuja kurudi 1954, aliyelileta ni gavana Twining, na leo lipo Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka mjini, nendeni mkalione.

Sasa nionyeshe gemu ambayo unasaini dai na aliyeshindwa anakaa nalo miaka 35. Hakuna. Kwenye zote ukibonyeza kukubali, jimbo linabadilika rangi sekunde ileile. Crusader inakaribia kidogo, ukiwa na kifurushi cha Royal Court cha 2022 unaweza kupigana kabisa kumdai mtu kitu cha thamani cha ukoo wako, upanga au taji. Lakini ukishinda unakabidhiwa palepale. Kucheleweshwa, kuzungushwa, kuambiwa tunatafuta hatujui liko wapi, hakuna aliyeiweka, na mimi naona hiyo ndo nusu ya diplomasia yenyewe.

Sasa ununue ipi

Kama furaha yako ni kupatana bei, ile ya nikupe hiki uniachie hiki, nunua Europa. Mimi ndo yangu, nasema wazi nina upendeleo. Ni ya 2013, laptopu ya kawaida inaibeba, umeme ukikatika betri inakusogeza. Ubaya wake vifurushi vya nyongeza ni vingi kupita kiasi, na bila baadhi ya hivyo gemu ni kama chai ya Tukuyu bila sukari, inanyweka ila. Subiri msimu wa punguzo Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Kuna Europa ya 5 imetoka Novemba 2025, inaanzia 1337, mimi sijaigusa kwa kuiogopea hii mashine yangu.

Kama furaha yako ni ile presha ya kabla, nani atakuja upande wangu, je anatishia au kweli anapigana, ni Victoria. Ila inakula mashine, ukifika miaka ya 1900 mwezi mmoja wa gemu unapika ugali na unaiva. Na ujue maeneo ya bara kama haya yetu huwezi kuyacheza, yamewekwa kama watu wa kungoja kutawaliwa, na hilo kila nikilifungua linanikera upya.

Crusader nunua kama unapenda watu kuliko ramani. Ndoa, wivu, mtoto wa nje, mjomba mwenye sumu. Vita humo ni kesi ya mirathi yenye mapanga. Ramani yake haifiki huku, usitafute Rungwe. Kwa mgeni kabisa ndo rahisi kuanza nayo, na kwa amani ndo nyembamba kuliko zote, hapo uamue mwenyewe.

Hearts nunua kama una marafiki wa kucheza nao. Ukicheza peke yako kile kikao kinakuwa ni wewe na kompyuta yenye tamaa. Mkiwa watatu mnaopigiana simu ni ugomvi mtamu wa usiku kucha, angalieni bando tu.

Nilimtumia binamu yote haya, nikamwambia achukue Europa. Kachukua Victoria. Juzi kanipigia saa 7 usiku, kumbe kaishika Sardinia, kakusanya jeshi, kamvuta Ufaransa upande wake kwa ahadi kubwakubwa, kaweka dai kwa jirani mdogo, na yule jirani siku ya mwisho karudi nyuma, kampa dai lake bila hata risasi moja. Nikampongeza. Kanuna. "Sasa kaka, hili jeshi lote nililolilipia nilifanyie nini?"